Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Ngoma, Daftari

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka ukanda wa kusini, na karibu zote zinahusu jambo moja: vikundi vya wenyeji vinavyotaka kuanzisha au kuendesha makumbusho madogo ya historia ya mahali pao kwa nguvu za watu wa kujitolea, bila kuwa na mtumishi wa kuajiriwa hata mmoja. Tumechagua zile zinazouliza waziwazi yale ambayo nyingine zinayauliza kwa kuzunguka. Tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyaacha kando kama walivyoomba.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Mikindani. Wazee wenzangu na vijana wachache tumepewa chumba katika nyumba ya zamani ya mawe, nasi tumekusudia kukifanya makumbusho ya historia ya mji wetu. Watu wameanza kuleta vitu: mapiko mawili (vinyago vya Kimakonde vinavyovaliwa na wachezaji wa ngoma), mbuzi ya kukunia nazi, picha, sarafu, hata fremu ya mlango wa nakshi. Vijana wanataka tuzindue ndani ya miezi miwili kwa tamasha kubwa lenye ngoma na mgeni rasmi. Mimi nasita, lakini sina hoja ya kuwashinda. Tuanzie wapi? — Mstaafu, Mikindani

Mwalimu, shikamoo. Kusita kwako kuna msingi, na hoja unayoitafuta ipo mezani kwenu pamoja na vile vitu. Waulize vijana, hapo hapo chumbani, ni nani aliyeleta ile sarafu, aliileta lini, na kama ameitoa moja kwa moja au ameiweka tu mpaka mwanawe atakapokuja kuichukua. Wakibabaika sasa, ilhali vitu ni vichache na waliovileta ni majirani, itakuwaje siku ya tamasha ambapo vitu vingine vingi vitaingia kwa mkupuo, kila kimoja kikipokewa na mtu wake, katikati ya ngoma na vipaza sauti?

Anzeni na daftari. Nunueni lile kubwa lenye jalada gumu, ambalo wenye maduka huliita kauntabuku, mlipige mistari ya safu, na msikubali kitu chochote kivuke kizingiti kabla ya kuandikwa humo. Kila kitu kipewe namba yenye mwaka na nafasi yake katika mfuatano wa mwaka huo, kisha yafuate jina la kitu kwa lugha ya aliyekileta na kwa Kiswahili, vipimo vyake, hali yake, jina la aliyekileta, tarehe, na sahihi mbili. Namba hiyo ifungwe kwenye kitu kwa uzi wa pamba na kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa kwa penseli. Kalamu ya wino huchuja unyevu unapopanda, na huko kwenu pwani unyevu haupumziki. Msiandike juu ya kitu chenyewe kwa kalamu ya rangi, hata kama mtu atawaambia kwamba ndivyo alivyoona mahali fulani. Halafu pigeni picha ya kila kitu kikiwa na namba yake na rula pembeni, na nakala ya daftari ikae nyumba nyingine, kwa sababu mchwa hawachagui karatasi ya kula.

Safu iliyo ngumu kuijaza kuliko zote ni ile ya maelezo, na hapo ndipo watu wa kujitolea wanapoonyesha thamani yao. Chukua mfano wa mapiko yenu mawili. Anayeandika “kinyago cha Kimakonde” amejaza safu lakini hajaandika kitu. Aketi na aliyelileta lipiko, amuulize ni nani aliyelichonga na katika kijiji gani, limechongwa kwa mti gani mwepesi, nywele zilizobandikwa kichwani ni za nini, nembo za usoni zimefanywa kwa nta au zimechanjwa kwenye mti wenyewe, ni nani aliyekuwa akilivaa, na lilichezwa mara ya mwisho katika jando la nani. Aangalie pia upande wa ndani, mahali ambapo uso wa mchezaji ulikuwa unagusa: lipiko lililochezwa huwa limelainika na kuingia weusi wa jasho, ilhali lile lililochongwa kwa ajili ya kuuzwa huwa bado lina alama za patasi kama lilivyotoka mikononi mwa fundi. Yote mawili yanafaa kuhifadhiwa, lakini ni historia mbili tofauti, na baada ya miaka ishirini hakuna atakayeweza kuzitenganisha ikiwa ninyi hamkuandika.

Msidhani kwamba hili ni la makumbusho makubwa peke yake. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yalivunjwa na vitu vikaibwa, likiwemo lipiko moja la Kimakonde ambalo baadaye lilikutwa katika makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, Uswisi. Lilirudi nyumbani mwaka 2010, baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Kitu ambacho hakijaandikwa wala kupigwa picha popote hakina cha kukitetea siku kitakapoonekana mikononi mwa mtu mwingine.

Kuhusu umiliki, kuweni wakali. Andikeni wazi kama kitu kimetolewa kabisa au kimewekwa amana, na kama ni amana, ni kwa muda gani na ni nani mwenye haki ya kukidai endapo mwenyewe atafariki. Karatasi iwe na nakala mbili, na mwenyekiti wa mtaa au mzee mwingine anayeheshimiwa aisaini kama shahidi. Ugomvi mwingi katika vyumba vya namna hii hauletwi na wezi, bali na mjukuu mwenye haki, aliyekuja na hasira kwa sababu hakuna aliyemwonyesha karatasi.

Fremu ya mlango naitaja peke yake, kwa kuwa inagusa sheria. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 vinalindwa, na milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 zimo pia katika ulinzi wa sheria hiyo. Ikiwa fremu yenu ni ya umri huo, msiiuze, msiibadilishe kwa kitu kingine, wala msimruhusu mgeni aondoke nayo, bali mwandikieni Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu na mwombe awaunganishe na wahusika wa mambo ya kale katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Barua hiyo mngepaswa kuiandika hata kama msingekuwa na fremu, maana chumba cha urithi kisichojulikana na halmashauri kinaweza kuonekana kuwa duka la vitu vya kale.

Sasa turudi kwa vijana, ambao hamu yao ya shughuli haipaswi kuzimwa. Wapeni shughuli ya aina nyingine: siku ya kuleta na kueleza. Tangazeni msikitini, kanisani na sokoni kwamba Jumamosi fulani kila mwenye kitu cha zamani, au picha ya zamani, akilete kiandikwe na kipigwe picha, kisha arudi nacho nyumbani. Meza moja iwe ya kupokea na kutoa namba, ya pili ya kupiga picha, ya tatu iwe kivulini, na hapo wakae vijana wawili wanaojua kusikiliza, mmoja akiuliza na mwenzake akiandika. Chai na mihogo vitatosha. Mgeni rasmi hahitajiki, na nasema hivyo bila kumkosea heshima mtu: tumeziona shughuli ambazo wazee wenye habari waliketi juani kutwa nzima wakimsubiri mgeni mmoja, na alipofika, muda wote uliobaki ukaliwa na hotuba. Mkishafanya siku mbili au tatu za namna hiyo, mtakuwa na kitu cha kuzindua.

Mhariri, nimemaliza chuo na sijapata ajira. Ninajitolea katika makumbusho madogo hapa mkoani, siku nne kwa wiki. Nasafisha, naongoza wageni, naandika barua, wakati mwingine nalinda usiku. Nauli najilipia mwenyewe. Nikiuliza, naambiwa kwamba kujitolea ni moyo. Je, ni kweli? — Kijana, Chuno, Mtwara

Moyo ni wako, nauli si yako. Mtu anayetoa muda na ujuzi wake bila kulipwa mshahara amekwisha kutoa cha kutosha. Kumtaka agharamie pia safari ya kwenda kuwatumikia wengine ni kumgeuza mfadhili. Nauli na chakula cha mchana kwa siku anazofanya kazi ni gharama za makumbusho, sawa na sabuni na balbu, na zinapaswa kuingia katika hesabu kabla ya kitu kingine chochote. Chumba kisichoweza kulipa nauli za siku nne kifunguliwe siku mbili.

Ulinzi wa usiku ukatae kwa adabu. Hiyo ni kazi yenye hatari, inahitaji mtu aliyeajiriwa na mwenye wa kumsemea akiumia. Kwa mengine, omba makubaliano ya ukurasa mmoja yanayoeleza siku zako, saa zako, kazi zako, gharama utakazorejeshewa, na barua ya utambulisho utakayopewa baada ya muda mliokubaliana. Barua isiseme tu kwamba ulikuwa mchapakazi. Iseme kwamba uliandikisha vitu kadhaa, uliongoza wageni, ulihoji wazee, ulipanga picha za zamani kwa namba. Mwajiri anaielewa barua ya namna hiyo.

Wanaosimamia wasome pia aya hii: wekeni ratiba mkijua kwamba watu wenu wana mashamba. Kuanzia mwezi wa Oktoba korosho zinapookotwa, na minada inapoanza, msimtegemee mtu aache mikorosho yake aje kufuta vumbi kwenye kabati. Kazi kubwa ya kuandikisha ipangwe kati ya Mei na Septemba, na wakati wa korosho mlango ufunguliwe kwa miadi.

Mimi ni mama wa Mtanda, Lindi, nami ni katika kikundi cha akina mama wanaocheza ngoma. Watu wa makumbusho wametuomba tuje siku ya shughuli yao tuimbe nyimbo za unyago na kuonyesha vifaa vyake, nao wataturekodi ili vijana wasisahau. Nyakanga wetu, yaani mama anayeongoza unyago, amekataa, lakini baadhi yetu tunaona ni heri zihifadhiwe kuliko zipotee. Nani yuko sahihi? — Mama wa ngoma, Lindi

Mama, nyote mna haki, lakini neno la mwisho ni la nyakanga, na makumbusho yaliyowaomba yalipaswa kwenda kwake kwanza kabla ya kuja kwenu.

Unyago, kama mnavyojua kuliko mimi, una uwanja na una chumba. Uwanjani ni pale wali, yaani wasichana wanaochezwa unyago, wanapotolewa, watu wote wanakusanyika, ngoma zinalia, na hata mpita njia anasimama kutazama. Nyimbo za uwanjani si siri ya mtu, na kuzicheza katika siku ya makumbusho ni jambo jema, mradi nanyi mmekubali, mmepewa nauli na chakula, na mmetajwa kwa jina la kikundi chenu kama wenye ngoma, si kama burudani ya kusindikiza hotuba. Huko Mtwara tamasha la Makuya, ambalo jina lake limewaunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, limekwisha kuonyesha kwamba ngoma za vijijini zinaweza kupanda jukwaani bila kupoteza heshima yake.

Chumbani ni mahali pengine. Mafunzo ya ndani, nyimbo zake na vifaa vya kufundishia vimefungwa kwa makusudi, na mtu aliyepita humo aliahidi. Anayesema kwamba siri hiyo ni lazima irekodiwe ili isipotee anasahau kwamba ikirekodiwa na kusambazwa kwenye simu za watu inakuwa imekwisha kupotea, kwa namna nyingine. Kipande cha sekunde chache cha mama mmoja akicheza ngoma ya ndani kinaweza kuzunguka mkoa mzima kabla shughuli haijamalizika, na hakuna makumbusho yatakayoweza kukirudisha.

Hata hivyo, hofu yenu kwamba wanaojua wanaondoka mmoja mmoja nayo si ya kupuuzwa, na ipo njia ya katikati ambayo makumbusho mengi duniani huifuata. Rekodi huwekewa masharti tangu siku ya kwanza: nyingine ni ya wazi kwa kila mtu, nyingine husikilizwa na anayeomba na kupewa ruhusa na wenyewe, na nyingine hufungwa kabisa, ikabaki chini ya uangalizi wa watu waliotajwa kwa majina. Nyakanga akikubali, anaweza kurekodiwa na mwanamke aliyepita unyagoni, katika chumba wasichoingia wanaume wala watoto, na nakala ya kwanza ikabaki kwake. Masharti yasemwe kwa sauti yake mwenyewe mwanzoni mwa rekodi, ili asije mtu baada ya miaka kumi akadai kwamba hakuyajua. Akikataa, kukataa kwake nako kuandikwe daftarini kwa heshima: kwamba mafunzo haya yapo, yanatunzwa na kina mama wa mahali fulani, na hayakutolewa. Hiyo ni habari kamili ya kihistoria. Vivyo hivyo kifaa kinaweza kuwekwa kabatini kikiwa na jina lake na mahali kilipotoka, bila kuelezwa kinavyotumika. Mgeni ataondoka na swali, na hakuna ubaya katika hilo.

Jambo moja halina njia ya katikati. Wali ni watoto. Wasipigwe picha wakiwa katika mavazi na mapambo yao ili zibandikwe ukutani pamoja na majina yao na shule wanazosoma, hata kama mzazi mmoja amekubali kwa furaha ya siku ile.

Ninajitolea kuongoza wageni na wanafunzi. Nimeambiwa niwaeleze kuhusu Livingstone na kuhusu mijusi mikubwa ya kale, yaani dinosaria, ya Tendaguru, lakini kila mwenzangu anasimulia tofauti. Nitajuaje cha kusema? — Mwongozaji, Lindi

Sema unachoweza kukionyesha kimetoka wapi, na palipo na shaka tumia neno “inasemekana” bila aibu. David Livingstone alishuka Mikindani mwezi Machi 1866, mwanzoni mwa safari yake ya mwisho, na mwezi Aprili alikuwa njiani kuelekea mto Ruvuma; hayo yamo katika maandishi yake mwenyewe. Kwamba alikaa katika nyumba hii na si ile ya jirani ni jambo linalosemekana. Mwongozaji anayeonyesha hadi pembe aliyotandika kitanda anajitafutia fedheha, kwani atakuja mgeni mmoja aliyesoma.

Tendaguru ina mengi ya hakika kiasi kwamba huhitaji kuongeza chumvi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa katika kilima hicho cha Lindi. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, kwa mikono ya mamia ya vibarua wenyeji, na mifupa ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi kwa safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Uzito wake wote ulizidi tani 200. Mnyama mmoja alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937, na urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Waingereza nao walichimba huko kati ya 1924 na 1931.

Katika simulizi hiyo wengi huwataja Wajerumani wawili na kuwasahau waliochimba. Usifanye hivyo. Msimamizi mkuu wa vibarua alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye wataalamu wenyewe walimtegemea katika kutambua na kuchimbua mifupa, na mwaka 2007 aina moja ya wanyama hao ilipewa jina la kisayansi la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ningekuwa wewe, ningeanzia hapo kila darasa linapoingia. Halafu ningewauliza wanafunzi wenyewe kama kuna mwenye babu wa babu aliyebeba mizigo ya Tendaguru, na mkono ukinyooshwa, ningepanga kwenda nyumbani kwao na daftari, kwa sababu majina ya wapagazi wale kwa sehemu kubwa yamebaki midomoni mwa familia.

Ni tarehe zipi zinafaa kwa shughuli za makumbusho huku kusini? — Msomaji, Kilwa Masoko

Siku ya Makumbusho Duniani ni tarehe 18 Mei, nayo inawafaa kwa sababu mvua zinakuwa zinaelekea ukingoni na barabara za vijijini zinaanza kupitika. Kwenu Kilwa mwezi Julai una uzito wake, kwa kuwa Vita vya Majimaji vilianzia katika milima ya Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, na tarehe 25 ya mwezi huo ni Siku ya Mashujaa kitaifa. Hapo waiteni wazee wa Umatumbi waeleze walivyosimuliwa na wakubwa wao, nanyi mwandike. Mwezi Agosti chukueni meza moja katika viwanja vya Nane Nane vya Ngongo, Lindi, mpeleke picha na nakala, msipeleke vitu halisi: vumbi na msongamano wa pale si mahali pa kitu dhaifu. Wakati wa Ramadhani fanyeni kazi za ndani za kupanga na kuandika.

Tumekuta unga mweupe chini ya kinyago chetu cha mti. Mwenzetu anayejitolea ametaka kukipaka oili chafu kama tunavyofanya kwenye nguzo za nyumba, na mwingine anasema mafuta ya nazi yatakirudishia mng'aro. Tufuate la nani? — Kikundi cha urithi, Mtwara vijijini

Msifuate la yeyote kati ya hao wawili. Oili chafu itaingia ndani ya mti, haitatoka tena, itaigeuza rangi yake, na kila atakayekishika ataondoka na madoa na harufu. Mafuta ya nazi yataota ukungu, yatashika vumbi, na mende watayapenda. Nguzo ya nyumba mnaweza kuibadilisha. Kinyago hamna cha kukibadilishia.

Kwanza kitengeni. Kiwekeni peke yake juu ya karatasi nyeusi au kitambaa cheusi, mbali na vingine, kisha mkipanguse kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, unga wote uondoke kwenye matundu. Baada ya siku chache tazameni kitambaa. Kama hakuna unga mpya, huenda dumuzi, wadudu wanaotoboa mti, walikwisha kutoka zamani, na mlichokiona ni mabaki yaliyotikiswa wakati wa kuhamisha. Kama unga umerudi, wamo na wanakula.

Wakiwamo, dawa isiyo na sumu ni baridi kali. Kitu kikauke vizuri, kifungwe kwa kitambaa cha pamba, kisha kiingizwe katika mfuko wa plastiki mzito uliobanwa hewa na kufungwa kwa utepe wa gundi pande zote, na kilazwe kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili bila kukatika. Wauza samaki wana friza za namna hiyo. Kodini nafasi, lakini iwe friza iliyoondolewa samaki na kuoshwa, na mhakikishe umeme wake una jenereta, maana baridi inayokatika katikati huwaacha wadudu hai. Mkishakitoa, mfuko usifunguliwe mpaka kitu kirudie joto la chumba, kiasi cha siku nzima, ili maji yanayojikusanya nje ya plastiki yasije yakatua juu ya mti.

Njia hiyo ni kwa mti mtupu. Ikiwa kinyago chenu ni lipiko lenye nembo za nta, nywele zilizobandikwa au rangi inayobanduka, msikiweke kwenye friza, kwa sababu nta hukakamaa na kupasuka kwenye baridi na rangi huachia mti. Hicho kifungeni kwenye mfuko safi, mkikague kila wiki na kuandika mlichokiona, na mwandikieni mtaalamu wa uhifadhi wa Makumbusho ya Taifa mkiambatanisha picha za mbele, za nyuma na za matundu yenyewe kwa karibu. Wakati mnasubiri jibu, chunguzeni dari na miguu ya kabati: ukiona njia nyembamba za udongo zikipanda ukutani, hao ni mchwa, na hapo tatizo lenu si kinyago tena bali ni chumba kizima, hivyo vitu vyote vihamishwe juu ya meza zilizosimama mbali na kuta kabla hamjamwita fundi wa kupulizia dawa, naye apulizie sakafu na misingi tu.